Wasomaji wa Mavazi ya Reli

Picha nyingi za zamani za reli hazina tarehe. Wapo watunza nyaraka ambao, kwa glavu za pamba na kioo cha kukuzia, huzirudishia miaka yake. Kazi yao haiimbwi, lakini ni kubwa.

Wenzao wa Uingereza hupima upana wa kofia za wanawake wa enzi ya Mfalme Edward VII, 1901 hadi 1910. Kwa picha za TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, zilizopigwa Mbeya na Makambako, mji uliokuwa wakati wa ujenzi wake mkoani Iringa, vielelezo ni suruali za bugaluu, viatu vya raizoni, suti za Kaunda na kofia za mafundi wa Kichina. Kioo husogezwa hadi kwenye pindo la khanga. Ikiwa na herufi za CCM, picha haikupigwa kabla ya Februari 5, 1977, vyama vya TANU na ASP vilipoungana kuwa CCM. Herufi za TANU hazitoshi, kwani khanga huvaliwa miaka mingi. Hapo huikagua njia yenyewe: mataruma yakiwa bado hayajafungwa reli, basi ni kabla ya reli kufika mpakani Tunduma mwaka 1973.

Jibu huandikwa nyuma kwa penseli laini, maana wino hupenya. Pasipo uhakika huandikwa “takriban”, na uaminifu huo una thamani kuliko tarehe ya kubuni.

Familia ya kibarua wa Makambako ikijua babu yao alikuwa kazini mwaka gani, inadaiwa shukrani na mtu ambaye huenda isimwone kamwe.