Nusu ya Wimbo

Barabara ya Jinja kwenda Mbale hupita Iganga, kisha Tirinyi, na sehemu yake kubwa imo Busoga. Huku ndiko kwa embaire, marimba kubwa ya Wasoga, na kwa maoni yangu ni ala chache sana Afrika Mashariki zinazomdai mwanafunzi subira kama hii.

Subira huanzia kwa fundi. Vibao vinene vya embaire hulazwa juu ya vigogo viwili vya mgomba, na vijiti huchomekwa kati ya kibao na kibao visije vikagongana. Marimba ikiwa kubwa, chini yake huchimbwa shimo, na hilo ndilo linaloipa ule mvumo mzito. Msumari hauna kazi hapa. Fundi akitaka kuteremsha sauti ya kibao, huchonga tumbo lake upande wa chini. Akitaka kuipandisha, hupunguza ncha. Mtazame anavyofanya: hukwangua kidogo, hugonga, husikiliza, kisha hugonga kibao cha tano kutoka hapo, chenye sauti ile ile kwa juu, halafu hukwangua tena kidogo zaidi. Mbao ikishatoka hairudi. Tena hana kinanda cha kumwongoza, kwa sababu sauti tano za embaire hupandana kwa hatua zinazokaribia kulingana, na piano haina hatua za namna hiyo. Kipimo anacho sikioni.

Halafu huja kupiga, na hapo ndipo ninapovutiwa zaidi. Wapigaji huketi pande mbili, wakitazamana. Mmoja huanza mfululizo wake kwa mwendo mmoja, mikono yote miwili ikigonga sauti ile ile, mmoja juu na mwingine chini. Mwenzake wa ng'ambo huchomeka mapigo yake katikati kabisa ya yale ya kwanza. Amadinda, marimba ya Waganda na jirani yake ng'ambo ya Nile, ina vibao 12 na wapigaji watatu. Omunazi hutangulia, omwawuzi huingia katikati, na omukoonezi huketi kwenye vibao viwili vya juu, akilirudia huko kila pigo linaloangukia sauti mbili za chini kabisa. Mapigo ya wale wawili wa kwanza yakichanganyika, huweza kufika 600 kwa dakika.

Matokeo yake ni ya ajabu. Sikio huziokota sauti za juu zikawa wimbo mmoja, za chini zikawa wimbo mwingine, ilhali hakuna mkono hata mmoja unaozipiga nyimbo hizo. Mtafiti Gerhard Kubik wa Austria, aliyefundishwa marimba hizi na Evaristo Muyinda, mwanamuziki wa ikulu ya Kabaka, mfalme wa Waganda, aliandika juu ya jambo hili mwaka 1962. Kilichomfumbua macho ni kuketi na kushika fimbo mwenyewe. Kusikiliza tu kungemwonyesha mchanganyiko na kumficha mikono.

Mwanafunzi wa embaire basi hupewa nusu ya wimbo. Nusu hiyo ikipigwa peke yake haina ladha, na anatakiwa airudie mpaka mikono iende bila kuamrishwa. Kisha mwenzake anaingia, na kila kitu kinayumba: sikio linataka kulifuata pigo la pili, mkono nao unalifuata sikio. Dawa ni kushikilia kwamba pigo lako ndilo msingi. Aliye mbele yako naye anashikilia hivyo hivyo kuhusu lake, na wote wawili mko sahihi.

Jig, dansi maarufu ya Ireland, nayo hujifunzwa kwa sikio, mapigo yake yakienda matatu-matatu, kila fungu likirudiwa mara mbili. Lakini mpiga fidla anaweza kurudi na wimbo wake nyumbani na kuupiga wote peke yake jikoni. Anayejifunza embaire hawezi. Mazoezi yake ni lazima yawe na mtu mwingine, saa ile ile, kwenye marimba ile ile.

Kule Mbale, mwisho wa barabara hii, ngoma za kadodi zina bahati yake. Ngoma hizo hufuatana na jando la imbalu, ambalo hufunguliwa Mutoto mwezi wa Agosti kila mwaka wa shufwa, na hutembea barabarani mtoto akazisikia atake asitake. Embaire haina kalenda kama hiyo. Hungoja watu waijie.

Baadhi wamekuja. Wapigaji wa Nakibembe Embaire Group, wa huku Busoga, walitoa albamu mwaka 2023 kupitia Nyege Nyege Tapes, lebo iliyoibuka pamoja na tamasha lililoanza Jinja mwaka 2015. Nimefurahi kwamba sauti hiyo sasa inasikika mbali. Hata hivyo, kijana wa Iganga hawezi kuitumia albamu kujifunza mkono wake, kwa kuwa inampa wimbo mzima uliokwisha kusukwa.

Kwa hiyo wewe unayefika Busoga na simu mkononi, kabla hawajaanza wote, mwombe anayetangulia apige peke yake dakika mbili, kisha mwombe na wa ng'ambo. Rekodi kila mmoja mbali, halafu wote pamoja, na nakala ya kwanza uiache pale pale kijijini.