Rosa ni Kahaba kwa Kipimo cha Nani?

Nianze kwa kuungama. Nilipokuwa sekondari niliandika insha juu ya riwaya ya Rosa Mistika, na katika insha hiyo nilimwita Rosa kahaba mara nne au tano hivi. Nilitaja chanzo, yaani malezi mabaya ya baba. Nikataja matokeo, yaani kutoa mimba na kujiua. Nikafunga kwa funzo kwa wasichana wote. Mwalimu alinipa alama nzuri sana, na insha ikasomwa mbele ya darasa. Dawati la mbele yangu lilikuwa tupu siku hiyo. Aliyekuwa akilikalia alikuwa ameondolewa shuleni wiki tatu nyuma kwa sababu ya ujauzito, na darasa zima, nami nikiwemo, hakuna aliyesema kwamba tunamzungumzia yeye. Pengine tulijua, ndiyo maana tulisoma kwa sauti.

Makala haya ni jaribio la kuifuta insha ile.

Wasomaji wa jarida hili wanaifahamu riwaya yenyewe, kwa hiyo sitaisimulia yote. Euphrase Kezilahabi aliitoa mwaka 1971, na kwa muda ilipigwa marufuku mashuleni kabla ya kurudi na kuwa kitabu cha kufundishia. Rosa ni binti wa Zakaria, mlevi na mkali wa kupindukia, na Regina, mama anayepigwa. Kwao ni Namagondo, Ukerewe, alikozaliwa mwandishi mwenyewe. Barua moja tu ya kijana Charles inamfanya baba amchape Rosa vibaya. Anasoma kwa masista, anakwenda chuo cha ualimu Morogoro, na huko anakuwa na wanaume wengi, akiwemo Thomas, mkuu wa chuo. Baadaye Charles anarudi na posa, anagundua kwamba mchumba wake si bikira, anamwacha. Rosa anajiua.

Uhakiki uliozoeleka, ule tuliokaririshwa na tunaoukuta hata kwenye vitabu vya maswali na majibu, unasema Rosa alikuwa kama ndama aliyekatika kamba: alifungwa mno, alipofunguka akakimbilia shimoni. Dhamira: malezi. Ujumbe: wazazi wasiwe wakali mno. Haya basi, si uongo. Lakini tazama jinsi maelezo haya yanavyolichukua neno kahaba kama kitu kilichomo ndani ya Rosa, mfano wa homa, halafu yanaanza kutafuta mbu aliyeileta. Swali la nani alimpima na kwa kipimo gani halifiki mezani kabisa.

Mwaka jana, katika somo la utangulizi wa sosholojia (nililichukua kwa sababu ratiba yangu ilikuwa na nafasi, si kwa sababu nyingine), tulimsoma Howard Becker, Mmarekani aliyechapisha kitabu chake juu ya watu wa nje ya kundi mwaka 1963. Kwa maneno yangu mwenyewe, anachosema ni hiki: upotovu haumo katika kitendo. Jamii huweka kanuni, kisha huchagua ni nani wa kumtumilia kanuni hizo, na anayebandikwa jina ndiye huwa mpotovu. Kabla yake, mwaka 1951, Edwin Lemert alikwisha kutenganisha kosa la mwanzo, ambalo wengi hulifanya likapita, na upotovu wa pili, pale mtu anapoanza kuishi kulingana na jina alilopewa. Niliposoma hivyo nilifunga daftari nikamkumbuka Rosa. Zakaria anamchapa kana kwamba ni malaya wakati hajafanya lolote, barua tu! Jina lilimtangulia, kitendo kikafuata miaka mingi baadaye.

Sasa tumweke Thomas kando ya Rosa. Kitendo ni kimoja na waliokitenda ni wawili, na mmoja wao ana cheo, ofisi na uwezo juu ya masomo ya mwenzake. Katika insha yangu Rosa alikuwa kahaba. Thomas alikuwa nani? Nilimwita "mkuu wa chuo". Hilo ndilo jina nililompa, jamani, cheo chake!

Kosa hili si langu peke yangu. Lugha yetu inatusaidia kulifanya. Kwa mwanamke tuna malaya, kahaba, na hili la mitaa ya Dar es Salaam, changudoa. Kwa mwanaume tuna kiwembe, ambalo mtu hutajiwa huku akicheka, na buzi, ambalo linamwonea huruma kwa kukamuliwa. Ilibidi ije kampeni ya redioni, mwishoni mwa muongo wa kwanza wa karne hii, ndipo neno fataki lianze kumsuta mtu mzima anayenyemelea wasichana. Mzinzi halichagui jinsia, ni kweli, ila hilo ni la mimbarini zaidi kuliko la mtaani.

Na hata malaya halikuwa sikuzote tusi tu. Mwanahistoria Luise White, aliyewahoji wanawake wazee wa Pumwani, Nairobi, katika miaka ya 1970 na kuchapisha kitabu mwaka 1990, ameonyesha kwamba wakati wa ukoloni wakazi wa huko walipambanua kazi hii kwa majina. Watembezi walitafuta wateja njiani. Malaya alikaa chumbani mwake, akangoja mgeni abishe hodi, akampa chai, chakula na maji ya kuoga, bila kelele za kuwaudhi majirani. Baadhi yao walijenga nyumba na kuwa wenye mali. Wazi-wazi walikaa milangoni na kutaja bei, na malaya waliwadharau kwa hilo. Wengi wa hao wazi-wazi walikuwa Wahaya, waliotoka ng'ambo ya pili ya ziwa lilelile la Rosa, na White anaeleza jinsi walivyopeleka pesa nyumbani kuziinua familia zilizoyumba bei ya kahawa ilipoanguka. Mpotovu wa Nairobi alikuwa binti mwema wa Bukoba. Mjini kwenyewe kulikuwa na matabaka ndani ya kile sisi tunachokiita kwa neno moja na kukitemea mate.

Hapo ndipo tabaka linapoingia, na hapo ndipo nadhani wahakiki wetu, wanaopenda sana kutaja matabaka wanapojadili mashamba na viwanda, huliacha mlangoni wanapoingia chumba cha kulala. Usafi wa Rosa ulikuwa na bei. Kwa Zakaria, kwa ninavyomsoma mimi, ni mali ya kulindwa kwa fimbo. Kwa Charles ni cheti: Rosa anacho tayari cha ualimu, kinachompa mshahara wake mwenyewe, lakini anadaiwa kingine ambacho hakuna chuo kinachokitoa, na ambacho Charles mwenyewe hadaiwi.

Yule wa dawati la mbele yangu alikuwa binti wa mchuuza dagaa. Mwaka uleule, katika kidato kilekile, binti mwingine ambaye baba yake alikuwa mtu mkubwa kidogo wilayani "alihama shule". Tuliambiwa hivyo, tukasema hivyo. Baadaye tulisikia amejifungua na anaendelea kusoma shule ya kulipia, mbali. Wa kwanza alitangazwa paredi. Kanuni za mwaka 2002 ziliruhusu mwanafunzi kufukuzwa kwa kosa dhidi ya maadili, na ujauzito ukahesabiwa humo. Lakini kanuni ilimfikia yule ambaye baba yake hakuwa na namba ya simu ya mtu yeyote. Novemba 2021 serikali ilitangaza kwamba wasichana wa namna hiyo waruhusiwe kurudi. Riwaya ya Kezilahabi nayo ilifukuzwa shule ikarudishwa. Mwenzangu alikuwa na mtoto wa miaka mitatu tayari, na genge la nyanya.

Najua mtaniuliza: kwani jina ndilo linalotia mimba? Hapana. Rosa ana mwili, ana tamaa zake, na kuna kurasa anazotenda kwa hiari yake, hata kwa kisasi. Nikimfanya gogo linalosukumwa na maji nitakuwa nimemnyima utu kwa njia nyingine. Becker hatoshi hapa, na sijapata wa kumjazia.

Ninaloweza kulisema ni juu ya sura ya mwisho, ile ya mahakama ya mbinguni, ambako Rosa na Zakaria wanalaumiana mbele ya Mungu. Wengi huisifu kwa ubunifu, nami naisifu. Ila kesi yenyewe ni ya baba na binti. Mwandishi aliyethubutu kuandika mambo yaliyoogopwa na shule zote amewaweka kizimbani watu wawili wa nyumba moja maskini ya Namagondo, akafunga mlango. Ningetaka Thomas aitwe. Charles pia. Na pale nyuma, kwenye viti vya mashahidi, awepo mwanafunzi mmoja ameshika insha yenye alama nzuri, aulizwe alipata wapi lile neno alilolirudia mara tano.

Anayeona nimempakazia Kezilahabi, au nimemtetea Rosa kupita kiasi, aniandikie katika toleo lijalo.