Tapeti Haikazwi kwa Sikio

Bisibisi haikuzunguka hata robo, na hapo ndipo valvu ilipokwenda. Mliokuwa uani Jumamosi ile mliona kwa macho yenu, na wengi wenu mlimpigia makofi kijana aliyekuwa akifungua injini ya pikipiki yake. Nimesubiri wiki tatu kuandika safu hii, mpaka silinda hedi ishushwe na valvu itoke nje, kwa sababu mtaani kwetu ukisema jambo bila ushahidi mkononi utaambiwa una wivu na mtoto wa watu.

Kwanza haki yake. Kwa mtu anayefungua injini kwa mara ya kwanza, tena nyumbani, kijana alianza vizuri kuliko mafundi kadhaa wa barabarani. Tapeti alizipima alfajiri, pikipiki ikiwa imelala usiku kucha. Alileta alama ya T mahali pake, akatikisa roka zote mbili kuona zina uhuru, akapitisha jani la fila geji la milimita 0.08 huku na huku, akashikilia skrubu wakati anakaza nati. Plagi aliisafisha na kuipima. Ndipo akaiwasha ipate moto kidogo, akamwaga oili chafu, akatia mpya yenye alama ya JASO MA.

Kama angeishia hapo na kunawa mikono saa nne ile, leo ningekuwa naandika habari nyingine.

Badala yake akapiga kiki, akatoa resi mara mbili, na sote tukasikia: tiki-tiki-tiki, kutoka juu, nyepesi na ya kufuatana. Vijana wa kijiweni waliokaa kwenye mkeka wakainua vichwa. "Kaka, hiyo inagonga," akasema mmoja. Mwingine akamjibu kabla mwenye pikipiki hajajibu: "Tapeti hizo. Kaza kidogo itulie." Mimi nilisema, na waliokuwa karibu walinisikia, "Iache, hiyo ndiyo sauti yake." Lakini uamuzi ulikuwa umeshaondoka mikononi mwa fila geji na kuhamia kwenye masikio ya mkekani.

Angalieni alichofanya baada ya hapo, hatua kwa hatua. Alizima injini ambayo huwezi kuigusa mapezi yake kwa kidole. Akafungua kifuniko cha juu palepale. Geji ikabaki kwenye mkebe wake. Akalegeza nati ya upande wa kutolea moshi, akaweka bisibisi, akaikaza skrubu mpaka roka ikaacha kucheza kabisa, akafunga. Akapiga kiki. Kimya. Mkeka mzima ukashangilia, na yeye akatabasamu kwa mara ya kwanza siku ile.

Kimya kile kilikuwa valvu isiyokaa tena kwenye kiti chake.

Wasomaji wa safu hii mnazijua namba, lakini nazirudia kwa sababu uamuzi ule ulizidharau zote. Kwa injini ya asili ya Honda CG125, nafasi kati ya roka na valvu ni milimita 0.08 kwa valvu zote mbili, na hupimwa injini ikiwa baridi. Unene wa unywele tu. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, kila valvu hufunguka na kufunga mara 50 kwa sekunde. Valvu ya moshi haina njia nyingine kubwa ya kupoa ila kukikalia kiti chake: sehemu kubwa ya joto lake hupitia hapo kwenda kwenye hedi. Ukiinyima nafasi ile ya unywele, haikai sawasawa. Haipoi. Gesi ya moto inapenya pembeni kila mlipuko, inaanza kula ukingo, na ukishaliwa kidogo gesi inapita zaidi na kula zaidi. Ongeza na hili: kadiri kiti kinavyolika kwa matumizi ya kawaida, valvu huzama na nafasi huzidi kupungua. Aliyeanza na sifuri hana akiba yoyote ya kula.

Ndiyo maana fundi anayejua kazi huogopa ukimya kuliko kelele. Tapeti iliyolegea inakusumbua masikio na kula roka pole pole, na unayo miezi ya kuirekebisha. Iliyokazwa hainung'uniki hata kidogo mpaka siku unayopiga kiki kumi na pikipiki haiwaki.

Kwa kijana haikuchukua muda. Wiki ya kwanza aliisifu. Wiki ya pili asubuhi ikawa ngumu kuwaka, kiki ikawa nyepesi mguuni, na ukiachia mafuta kwenye mteremko ilikuwa ikilipua kwenye eksozi. Wiki ya tatu ikagoma na abiria mgongoni. Hedi iliposhushwa, ukingo wa valvu ya moshi ulikuwa umekatika kipande upande mmoja, na kiti nacho kimeungua. Valvu mpya, kusaga viti, gasketi ya hedi, na siku nne bila kazi.

Na kelele je? Hapa ndipo ninapokasirika zaidi, kwa sababu jibu lilikuwa palepale juu ya hedi. Pikipiki ni ya mkononi. Ncha ya roka, pale inapoigonga valvu, ilikuwa na kishimo kilicholika. Jani la geji ni bapa. Likipita juu ya kishimo linalala kwenye kingo zake kama daraja, na chini yake inabaki nafasi ambayo hukuipima. Ukisoma 0.08, ukweli ni zaidi. Dawa ya roka iliyolika ni roka nyingine, na ni spea ya bei ndogo. Kuiziba nafasi kwa bisibisi hakuondoi kishimo.

Nimelisema suala la masikio katika safu hii tangu bodaboda zilipoanza kujaa barabarani, na nitaendelea kulisema. Kuna kizazi kimelelewa na mafundi wa kusikiliza: anainamisha kichwa, anafumba macho, anakaza, anadai fedha. Ni mafundi haohao waliowazoesha watu kutia oili ya gari kwenye pikipiki kwa sababu "oili ni oili", wakati klachi ya pikipiki hizi inaogelea kwenye oili ileile ya injini, na oili za gari zenye viungo vya kupunguza msuguano huifanya iteleze. Ni haohao wanaopaka silikoni kila mahali, mpaka vipande vyake vinakwenda kuziba chujio. Kijana aliwakwepa kwenye oili na kwenye silikoni. Walimpata kwenye tapeti.

Fundi aliyenishikisha spana mimi, Morogoro, miaka ya 1980, alihudumia Honda XL za mabwana shamba waliotoka vijijini wamejaa vumbi. Mteja akilalamika kelele saa kumi jioni, alimjibu neno moja: "Niachie ilale." Hakuna aliyemwona akigusa tapeti ya moto, hata awe bwana mkubwa wa wilaya anasubiri nje. Geji yake ilizungushiwa kitambaa chenye oili na kukaa kwenye mfuko wa shati. Asubuhi alipima, na kama kipimo kilikuwa sawa alifunga na kumwambia mteja akaishi na sauti hiyo. Leo sioni mwenye ubavu wa kumwambia mteja hivyo.

Hata Soichiro Honda mwenyewe, alipofika karakana ya Art Shokai mjini Tokyo mwaka 1922 akiwa na miaka 15, kwa miezi alifagia na kubeba mtoto wa mwenye karakana kabla hajaaminiwa kushika injini. Kampuni aliyoianzisha ndiyo iliyotuletea CG125 katikati ya miaka ya 1970, na wahandisi wake waliichora makusudi kwa nchi ambazo matengenezo ni ya kubahatisha. Waliacha kamshafti ya juu na cheni yake, wakaiweka chini, ikiendeshwa kwa gia, na kupandisha mwendo kwa pushrodi. Injini kama hiyo hugonga kidogo kwa asili yake, na nakala nyingi za Kichina tunazoendesha hapa, ya kijana ikiwemo, zimerithi mpango huohuo. Ilichorwa imvumilie mwenye pikipiki asiye fundi. Ilidai kitu kimoja tu kutoka kwake: nafasi ile ya unywele.

Sasa valvu mpya imo ndani, viti vimesagwa, na safari hii roka imebadilishwa. Kijana, wewe una mkono mzuri wa kazi hii kuliko wote waliokaa mkekani, na nakuomba usiuache. Ukitembea siku chache, ilaze usiku mzima, uamke kabla ya kijiwe kuamka, lete T, pima 0.08, funga nati, pima tena, kwa sababu nati ikikazwa huivuta skrubu. Kisha rudisha kifuniko, na ukisikia tiki-tiki, panda uende kazini.