Nyongeza ya Adili: Swali Kutoka Logiri

Katika mitihani ya fasihi tunayosahihisha, Adili na Nduguze (1952) ya Shaaban Robert hujibiwa kwa njia moja. Mtahiniwa huandika kwamba wema hulipwa, kisha hutaja Huria wa majini: Adili alimwokoa, na nduguze Adili walipomtosa baharini, Huria akamwokoa. Alama zote. Sisi wenyewe tumezigawa mara nyingi.

Mwanafunzi wetu mmoja, mzaliwa wa Logiri huko Arua, alitutia mashakani. Watu wengi wa West Nile walikimbilia Zaire na Sudan baada ya utawala wa Amin kuanguka mwaka 1979, na bibi yake alikuwa mmoja wao. Upande wa pili wa mpaka, mwanamke asiyemjua alimpa bakuli la unga wa muhogo. Hawakuonana tena. "Sasa mwalimu," akauliza, "huyo mama alilipwa na jini gani?"

Tulirudi kitabuni, na tunakiri kwamba tulikuwa tumekisoma kwa haraka. Wema wa Adili kwa Huria ulikuwa mdogo na haukuwa na hesabu, lakini malipo yake ni makubwa mno, na yana mkia. Huria huyohuyo ndiye anayewageuza nduguze kuwa manyani na kumwamuru Adili awapige kila usiku. Shukrani ya mwenye nguvu imegeuka kuwa amri! Mhakiki anayeishia kwenye "wema hulipwa" hajaueleza mjeledi huo.

Kwa maoni yetu, kiini cha kitabu kiko mahali pengine. Adili akishapiga, huwalisha manyani na kuwafariji. Hakuna aliyemwagiza, wala hatarajii kuonekana. Habari inamfikia mfalme Rai kwa sababu tu Ikibali alichungulia. Hapo mwandishi, ambaye mara nyingi hupenda kuhubiri (tumsamehe, anahubiri kwa Kiswahili kizuri), ananyamaza kidogo na kuliacha tendo lijisemee. Ni kweli kwamba mwishoni msamaha unapatikana na kila kitu kinanyooshwa. Mwisho huo kwetu ni dhaifu kuliko sahani ile ya usiku.

Wauzaji wa sokoni Uganda wana neno linalofaa hapa kuliko "fadhila" na "hisani" tunazokaririsha darasani. Muuzaji akishapima nyanya na kupokea fedha, huongeza moja au mbili juu: nyongeza. Haimo katika bei. Chakula cha Adili ni nyongeza juu ya amri.

Jambo hili si la kitabu pekee. Waganda wengi waliisikia lugha yetu kwanza kinywani mwa askari, ikiwaamuru. Katiba iliifanya lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaidhinisha iwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Mtoto wa Logiri ataipokea basi kwa amri nyingine. Akifunguliwa kitabu hiki na kuonyeshwa Huria tu, atakuwa amepewa kile ambacho babu yake alikijua tayari.

Muhula ujao swali la "wema hulipwa" tunaliondoa kwenye karatasi yetu. Badala yake tutauliza: kwa nini Adili anawalisha?