Dhiki, Fani na Imani: Mfano wa Legio Maria

Wahakiki wetu wamezoea kuyaeleza madhehebu yaliyozuka Nyanza Kusini kwa kauli moja: dhiki ilizaa dini. Wengine huenda mbali zaidi, wakaiita dini hiyo kasumba ya wanyonge. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba maelezo hayo, ingawa yana chembe ya ukweli, yanaiacha kando fani, yaani jinsi waumini walivyoyapanga maneno na ibada zao ili imani isivunjike.

Eneo hilo leo ni kaunti za Migori na Homa Bay. Dhiki yake ilikuwa ya wote, lakini majibu hayakuwa mamoja. Waadventista wa Sabato, walioanzisha misheni Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka 1906, walijibu kwa shule, matibabu na uchapaji wa vitabu. Legio Maria, iliyojitenga na Kanisa Katoliki mwaka 1963 chini ya Simeo Ondeto, ilijibu kwa maono, maombi ya uponyaji na misa. Ikiwa dhiki ndiyo mtunzi pekee, mbona ilitunga kazi mbili zisizofanana?

Tuchukue masimulizi ya Gaudencia Aoko, mmoja wa viongozi wa mwanzo. Husimuliwa kwamba mama huyu kijana alifiwa na watoto wawili kwa siku moja, kisha akainuka kuhubiri na kubatiza, kazi ambayo kanisa alimolelewa lilikuwa limewaachia mapadri wanaume. Msomaji wa Kiswahili hutazamia hapa hadithi ya subira, maana katika lugha yetu imani na subira hukaa nyumba moja: subira yavuta heri. Lakini Aoko wa masimulizi hakai kitako kuingoja heri. Kidholuo chatusaidia kumwelewa. Kitenzi chake *yie* humaanisha kuamini, na pia kukubali. Anayeweza kukubali aweza vilevile kukataa. Mama huyu anamkubali Mungu, na papo hapo anakataa kwamba kifo kiwe na neno la mwisho. Imani yake ni kauli ya mtu aliyeulizwa akajibu.

Jambo la pili ni Kilatini. Baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano (1962–1965), Wakatoliki wengi waligeukia lugha za wenyeji. Legio Maria, waliohesabiwa kuwa waasi, ndio walioendelea kukitumia Kilatini katika misa. Mhakiki wa haraka ataona hapa uigaji mtupu. Sisi tunaona zaidi. Mfiwa mara nyingi hana maneno yake mwenyewe; neno lisilobadilika humbeba mpaka apate sauti. Hata hivyo, tusilipambe jambo hili kupita kiasi. Neno lisiloeleweka na wengi laweza pia kuwa ngao ya wachache wenye mamlaka.

Suala hili si la darasani tu. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2018 uliiweka Homa Bay juu ya kaunti zote za Kenya kwa maambukizi ya virusi vya UKIMWI: karibu asilimia 20 ya watu wazima. Mahali kama hapo, mahubiri yanayoitafsiri imani kuwa kunyamaza na kungoja yaweza kuua, hasa mgonjwa akishawishiwa kuacha dawa. Mahubiri yanayoitafsiri kuwa kukubali Mungu na kukataa kifo yaweza kumpeleka mgonjwa huyohuyo kanisani na zahanati kwa siku moja.

Ondeto alifariki mwaka 1991, na Got Kwer, katika Migori, umebaki mlima mtakatifu wa wafuasi wake. *Got* ni mlima. *Kwer* ni mwiko. Mhakiki naye ana mwiko wake: asiipime imani ya watu kwa ukubwa wa mateso yao pekee, kabla ya kuyasikiliza maneno waliyoyachagua.