Biskuti za Bonane: ni mila ao ni mtihani?

Katika jamaa yetu hapa Lubumbashi, Bonane haipite bila biskuti za kubandikana, mbili-mbili, na karanga katikati. Mwaka huu baba mukubwa mmoja alisukuma sahani mbele ya watoto, akasema: "Hii ni vitu vya Wazungu, si vya bankambo." Wakubwa wengine wakaitika. Ninamuheshimu, lakini neno lile halikuwa la haki.

Ni kweli, bamama zetu wengi walijifunza kuoka katika foyer social wakati wa Wabelgiji, pamoja na kushona. Lakini baba mukubwa yule yule alikuwa amekwisha kula bukari ya mahindi na sombe. Mahindi na muhogo vilitoka Amerika, Wareno wakavileta kwetu nyuma ya mwaka 1500. Tukianza kuhesabu asili ya kila chakula, tutalala na njaa.

Na biskuti hii imekwisha kuwa ya hapa. Kwa kilo moja ya bunga ya ngano, nusu kilo ya margarini, gramu 300 za sukari na mayai 4, ukikata na kikombe kidogo, unapata karibu biskuti 180, ndiyo kusema jozi 90. Tanuru hatuna. Njo sufuria kubwa juu ya mbabula, mchanga mukavu ndani, sahani ya bati juu ya mawe matatu, na makala juu ya kifuniko kupita yale ya chini. Hata hivyo chini inaungua kidogo. Bamama wanageuza upande ule ndani, karanga inaufunika, na hakuna mutu anajua. Konfitire iko na maji: ukiipaka jioni, asubuhi biskuti imelegea. Karanga ya kusagwa na sukari haina maji, inangoja wageni mpaka mangaribi.

Lawama yangu mimi iko pengine. Usiku wa tarehe 31, mabibi wawili wa ndugu zetu walikaa peke yao mbele ya mbabula mpaka saa tisa, kwa ajili ya watu 120. Asubuhi dada zetu wakakuja kuonja. "Hii imekauka." "Huyu alilelewa wapi?" Mmoja wa wale mabibi akafunga mtoto mgongoni, akaenda kwao mbele ya chakula. Hakuna aliyemufuata. Na mimi ninayeandika haya nilikuwa nimelala vizuri usiku ule.

Wakati kambo alikuwa na nguvu, haikuwa vile. Vijana walitwanga karanga, wasichana walikata, wanaume walichunga makala, na kambo alisimulia mpaka jogoo. Hakuna aliyeweza kuuliza nani amepika, kwa sababu wote walikuwa na bunga mikononi. Ule usiku njo tuliacha upotee, tukabakisha sahani tu. Wanaotaka kutetea bankambo wangeanzia pale.

Kwa Bonane inayokuja tumepatana kilo 3 za bunga, kila nyumba na sehemu yake, na makala tumemupa baba mukubwa mwenyewe ayachunge. Amecheka, hajakatala. Yule bibi nitapita kwake mbele ya Noeli. Sitamuita kupika, nitamuita akuje kukaa.