Wimbo Usio na Jina: Uhakiki wa Istilahi za Hakimiliki

Mwaka 2021 Bunge la Tanzania lilipitisha mabadiliko yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria za nchi na lugha ya mahakama. Tangu hapo kazi kubwa imewaangukia wafasiri, nayo ni kuzitoa katika Kiingereza sheria zilizotungwa kwa lugha hiyo na kuzitia katika Kiswahili. Miongoni mwa sheria hizo imo ile ya mwaka 1999, ijulikanayo kwa jina la Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki. Mwenye kuchagua neno la sheria huamua pia ni nani atakayeitwa mbele na ni nani atakayeachwa mlangoni. Kwa hiyo yafaa istilahi hizi zipimwe mapema. Wahenga walisema, udongo upatilize ungali maji.

Neno hakimiliki limeundwa kwa haki na miliki. Waingereza, katika neno lao, wametazama kitendo cha kunakili. Wafaransa na Wajerumani wametazama mtu, yaani mtunzi aliyeianzisha kazi. Kiswahili hakikutazama kitendo wala mtu, kimetazama mali. Aliyetunga diwani huitwa mwenye hakimiliki, na aliyeinunua kwake kwa fedha chache naye huitwa mwenye hakimiliki, kwa neno lilelile. Mtunzi hamo ndani ya istilahi; sharti atafutwe nje yake.

Kinyume cha hilo, hakishiriki ni neno lililofanikiwa kuliko asili yake. Kiingereza huziita haki hizo kuwa ni za ujirani, maana zimekaa kando ya haki ya mtunzi. Nazo ni haki za waimbaji, wapigaji wa ala, watayarishaji wa sauti zilizorekodiwa na vituo vya utangazaji. Kiswahili kimeuacha ujirani kikauchukua ushirika. Aliyeimba hakukaa jirani na wimbo, ameshiriki kuufanya. Bahati mbaya ni kwamba neno hili lililo bora huwekwa la pili, na aghalabu husahauliwa, hata jina la sheria likitajwa kwa ufupi husemwa hakimiliki tu.

Upungufu huo wa istilahi usingalikuwa na madhara makubwa kama usingalipata msaidizi darasani. Katika vitabu vya shule na mihadhara ya vyuo, mwanafunzi hufundishwa kutenga fasihi simulizi na fasihi andishi kwa orodha ya sifa. Sifa mojawapo ni kwamba fasihi andishi ni mali ya mtunzi, na fasihi simulizi ni mali ya jamii kwa kuwa haina mtunzi maalumu. Sentensi hiyo hukaririwa, hutahiniwa, na hupewa alama. Lakini ndani yake mmechanganywa mambo matatu: kwamba mtunzi hajulikani, kwamba watunzi ni wengi, na kwamba mtunzi hayupo. La kwanza ni habari ya kumbukumbu zilizowekwa au zisizowekwa. La pili ni habari ya namna ya kutunga. La tatu si kweli kabisa, kwani hapana wimbo uliojitunga wenyewe.

Historia ya Kiswahili yaikanusha sentensi hiyo. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, yalikaa vinywani mwa watu miaka mingi kabla Mwalimu Sikujua hajamsaidia W. E. Taylor kuyakusanya, na diwani ikachapwa na Hichens mwaka 1940. Mashairi hayo yalihifadhiwa kwa ulimi, na jina la mwenyewe halikupotea. Watunzi wengi wa tenzi hujitaja katika beti za mwisho. Katika ngoma za mashindano, manju hujulikana kwa jina, na watu hubishana nani aliyemshinda nani. Kutokuwa na jina, basi, si tabia ya neno lisemwalo. Jina likikosekana, hapana budi kuuliza lilipotelea wapi.

Mahali pazuri pa kuuliza swali hilo ni Kabuku, wilayani Handeni, kando ya barabara kuu itokayo Chalinze kwenda Segera. Nchi ni ya Wazigua, lakini mkonge uliwaleta huko watu wa nchi nyingi. Mmea wenyewe ulikuwa mgeni. Richard Hindorf aliagiza miche kutoka Florida mwaka 1893, ikafika michache tu iliyo hai, na kutokana na hiyo mashamba yakaenea Tanga, hata mwaka 1964 nchi ikatoa zaidi ya tani 230,000 za singa. Kazi ya kukata majani na kuyapitisha katika korona ilitaka mikono mingi. Watu waliandikwa kutoka Songea, Njombe, Kigoma, Ruanda-Urundi na hata Msumbiji, na tangu mwaka 1944 ofisi ya wenye mashamba iitwayo SILABU ilishughulika kuwaandika na kuwasafirisha. Baada ya uhuru, katika miaka ya 1960, Kabuku ilikuwa miongoni mwa makazi ya vijiji ya majaribio, nako watu waliopewa makazi walilima mkonge. Mwaka 1967 sehemu kubwa ya mashamba ya mkonge nchini ilitaifishwa. Katika mabadiliko hayo yote ya sera ya uchumi ilihesabiwa ardhi, ikahesabiwa mitambo, zikahesabiwa tani. Nyimbo hazikuhesabiwa.

Wafanyakazi wa mkataba waliitwa manamba. Wanaisimu walijua vema neno hili: asili yake ni Kiingereza, nalo latokana na namba aliyopewa kila mmoja. Alikuwa pia na kipande chake, ambamo siku 30 za kazi zilihesabiwa moja moja. Mtu wa namna hiyo alipoanzisha wimbo na wenziwe wakaitikia, ni nani angaliandika jina lake? Hapa ndipo sentensi ya darasani inapofichua udhaifu wake. Jina la mtunzi lilifutwa na daftari la shamba. Halikufutwa na kanuni za fasihi simulizi. Miaka mingi baadaye mtaalamu akafika, akaukuta wimbo hauna mwenyewe, akaandika kwamba ndiyo sifa yake. Hivyo jambo lililofanywa na uchumi likageuzwa kuwa nadharia ya fasihi.

Neno jamii nalo halisimami hapo Kabuku. Wimbo ukianzishwa na Mngoni, ukaitikiwa na Mha na Mmakonde, kwa Kiswahili, katika nchi ya Wazigua, ni mali ya jamii gani? Si wa kabila, maana kabila lililouimba halipo. Si wa taifa, kwa kuwa taifa lilikuwa halijazaliwa. Ni wa kundi la watu waliokutanishwa na kazi, nao walikuwa watu halisi, wenye wazazi na wenye warithi. Neno lililo karibu zaidi na ukweli ni lile lile la ushirika: wimbo huo una washiriki.

Walakini haifai lawama yote kuwekwa juu ya wenye mashamba. Wanachuoni nao wana daftari lao. Mwaka 1903 kilichapwa Ujerumani kitabu cha Desturi za Wasuaheli, na jina lililowekwa mbele lilikuwa la Carl Velten. Sehemu kubwa ya maneno yake ilikuwa ya Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, mtu msomi aliyepata kufundisha Kiswahili mjini Berlin. Ilipofika mwaka 1981 tu, tafsiri ya J. W. T. Allen ilipochapwa huko California, ndipo jina la Mtoro lilipokaa wazi katika anwani, pamoja na kukiri kwamba wapo Waswahili wengine waliochangia. Miaka 78 ilipita kati ya matoleo hayo mawili. Jina lilirudi kwa sababu lilikuwa limeandikwa mahali fulani, lisingaliandikwa, lisingalirudi.

Mfano wa pili watoka Kenya. Mwaka 1950 Hugh Tracey aliurekodi miongoni mwa Wakipsigi wimbo wa Chemirocha, na sauti hizo zikahifadhiwa Afrika ya Kusini katika maktaba ya muziki aliyoianzisha. Katika miaka ya 2010 nakala zilirudishwa Kenya, kwa watu wa mahali zilipotoka. Jambo hilo liliwezekana kwa kuwa mrekodi aliandika mahali, tarehe na jina la kiongozi wa waimbaji. Lakini wasichana walioitikia waliandikwa kuwa ni wasichana tu. Hata daftari jema, basi, lilimwona anayeanzisha na halikuwaona wanaoshiriki.

Sheria ya mwaka 1999 yataka kuutibu upungufu huu. Ina sehemu yake juu ya sanaa za jadi, nayo yasema kwamba mtu akitaka kuzitumia kwa faida na nje ya mazingira yake ya asili, sharti apate idhini ya Baraza la Sanaa la Taifa. Ada zinazotozwa zakusudiwa kukuza na kuhifadhi utamaduni wa taifa. Nia ni njema. Lakini msomaji makini ataona kwamba sheria imeifuata sentensi ya darasani hatua kwa hatua: mtunzi hayupo, kwa hiyo ni mali ya jamii; jamii haina ofisi, kwa hiyo taifa limshikie. Kutoka Kabuku hadi Dar es Salaam wimbo umebadili mwenyewe mara mbili, na hakuna mara hata moja aliyeulizwa mwimbaji. Itifaki ya Swakopmund, iliyopitishwa mwaka 2010 chini ya shirika la ARIPO, ilishika njia nyingine kwa kuzitaja jamii zenyewe kuwa ndizo zenye haki. Hiyo ni hatua ya mbele, ijapokuwa swali la Kabuku, la jamii iliyokusanywa na kazi, labaki palepale.

Teknolojia imelifanya swali hili kuwa la haraka. Zamani aliyetaka kuchukua wimbo wa kijijini alihitaji gari na mtambo mzito. Sasa simu moja yatosha, na wimbo huo huweza kusikika ng'ambo kabla jua halijatua. Zimekuja pia mashine za akili mnemba, au akili unde kama wengine waitavyo, zinazojifunza lugha kwa kumeza maandishi na sauti nyingi kadiri zipatikanavyo. Mashine hiyo haijui tofauti ya kilichotolewa kwa ridhaa na kilichookotwa. Yajua lililoandikwa pembeni ya matini tu, na pembeni ya matini nyingi za fasihi simulizi pameandikwa kwamba hazina mtunzi. Sentensi iliyokuwa ya mtihani imekuwa kibali cha biashara.

Sera ya fedha nayo yaelekea huko huko. Serikali imeweka tozo ya hakimiliki juu ya vifaa viwezavyo kunakili na kuhifadhi kazi za sanaa, ili fungu lake liwafikie wenye kazi. Ni sera ya haki, maana anayefaidika na nakala anachangia anayezitunga. Lakini kugawa fedha kwataka orodha ya majina, na asiye katika orodha hagawiwi. Mali bila daftari hupotea bila habari. Solomon Linda wa Afrika ya Kusini, aliyerekodi wimbo wa Mbube mwaka 1939, alikufa maskini mwaka 1962 ilhali wimbo wake ulikwisha kuenea duniani. Hata hivyo warithi wake walipata suluhu mwaka 2006, kwa kuwa jina lake lilikuwa katika kumbukumbu. Mrithi wa manamba hana la kuonyesha mahakamani.

Lipo pingamizi lenye nguvu ambalo halifai kupuuzwa. Nyimbo huishi kwa kuazimwa. Mwimbaji huchukua kiitikio cha jana akakitia maneno ya leo, na lau kila kiitikio kingewekewa uzio na ada, ngoma ingekufa kabla ya mpigaji. Aidha, kuwapa haki wachache waliojiandikisha mapema kwaweza kuwanyang'anya wengine waliouimba wimbo uleule kabla yao. Pingamizi hili ni la kweli, nalo laonyesha kwa nini neno la mali halifai kuwa neno pekee. Mali hukata mpaka. Ushirika hutaka watajwe wote waliohusika, na wagawane kinachopatikana, wala haumzuii mwenzao kuimba. Anayepaswa kuzuiwa ni yule achukuaye kwa faida bila kutaja na bila kugawa.

Kwa hiyo wafasiri wa sheria wanayo mambo matatu ya kuangalia. Kwanza, haki ya mtunzi itajwe kwa jina lake, ili hakimiliki isiendelee kumficha nyuma ya mali. Pili, maana ya hakishiriki ipanuliwe katika sanaa za jadi, iwafikie waanzishaji na waitikiaji wa mahali maalumu, hata kama hawakuwa kabila moja. Tatu, kusitumiwe maneno yasemayo kwamba kazi haina mtunzi. Yatosha kusema kwamba mtunzi hajatambuliwa. Tofauti yaonekana ndogo, lakini kauli ya kwanza hufunga uchunguzi na ya pili huuacha wazi.

Walimu nao wana lao. Sentensi ya mali ya jamii yafaa iondolewe katika orodha ya sifa, na mahali pake mwanafunzi afundishwe kuuliza nani aliimba, wapi, lini, pamoja na nani, na kwa ridhaa gani. Kila kanda iliyomo katika makabati ya vyuo, ambayo juu yake pameandikwa mzee wa kijiji au akina mama wa shamba, ipitiwe upya wakati bado wapo wazee wawezao kuzitambua sauti. Kwa upande wa mkonge muda ni mfupi, maana waliofika Tanga kwa mkataba kabla ya uhuru wamebaki wachache sana. Majina yao yakiandikwa sasa, sheria itakuwa na mtu wa kumlinda na tozo itakuwa na mtu wa kumlipa.